Albamu nne za okestra ya Pittsburgh: uanze na Brahms, Bruckner, Beethoven au Tchaikovsky?

Ukiandika jina la Brahms kwenye programu ya muziki ya simu yako, Simfoni ya Nne peke yake inakuletea rekodi chungu nzima, na hakuna wa kukuambia uanze na ipi. Wanakwaya wenzangu hapa Mombasa huniuliza swali hilo, vijana wanaojifunza fidla nao huuliza, na wengi wao hukata tamaa kabla hawajasikiliza hata dakika kumi. Ushauri wangu ni kupunguza uwanja. Shika okestra moja, kiongozi mmoja na ukumbi mmoja, kisha ulinganishe albamu zake zenyewe kwa zenyewe. Hapo tofauti utakayoisikia itatokana na muziki, haitatokana na ubora wa maikrofoni.

Okestra ninayoipendekeza ni Pittsburgh Symphony Orchestra ya Marekani. Tangu 2008 inaongozwa na Manfred Honeck, Mwaustria aliyezaliwa 1958, ambaye kabla ya kushika kijiti cha kuongozea alikuwa mpiga viola katika Vienna Philharmonic. Rekodi zake na kampuni ya Reference Recordings hunaswa katika matamasha halisi, watu wakiwa wamekaa vitini, ndani ya jumba la Heinz Hall. Jumba hilo lilijengwa 1927 likiwa sinema, likafunguliwa upya kama ukumbi wa muziki 1971. Wanaonasa sauti ni mafundi wa Soundmirror, na ukisikiliza vizuri utajua ni kwa nini wanaheshimika: minong'ono ya fidla inabaki minong'ono, na tarumbeta zikipaa zinapaa kweli.

Kati ya albamu zao, nne zina mpangilio wa aina moja: simfoni ya karne ya 19, kisha kazi ya mtunzi wa zama zetu. Ya 2020 ina Simfoni ya Nne ya Tchaikovsky na konserto (kazi ya wapigaji wakuu wakiwa na okestra nyuma yao) ya klarineti na basuni ya Jonathan Leshnoff. Ya 2021 ina Simfoni ya Nne ya Brahms na Larghetto for Orchestra ya James MacMillan. Ya 2022 ina Simfoni ya Sita ya Beethoven na Silent Spring ya Steven Stucky. Ya 2024 ina Simfoni ya Saba ya Bruckner na Resurrexit ya Mason Bates. Beethoven yuko mapema kidogo kuhesabiwa katika kipindi cha Romantiki, yaani ule muziki wa hisia kali uliotawala karne hiyo, maana simfoni yake ilisikika mara ya kwanza 1808, lakini waliomfuata wote walipitia mlango alioufungua yeye, kwa hiyo namwacha kwenye orodha.

Amua kwa kazi ya pili

Watu wengi huchagua albamu kwa jina lililo juu ya jalada. Mimi nasema angalia jina la chini. Simfoni za Brahms na Bruckner utazipata popote, tena kwa okestra zenye majina makubwa kuliko Pittsburgh. Ukitaka Brahms peke yake, rekodi ya Carlos Kleiber na Vienna Philharmonic ya 1980 bado inawatoa watu machozi. Ukitaka Bruckner peke yake, Herbert von Karajan aliinasa Simfoni ya Saba na okestra hiyohiyo ya Vienna 1989, miezi michache kabla hajafariki. Hizo ni rekodi ambazo hakuna haja ya kushindana nazo.

Zile kazi mpya, kwa upande mwingine, aghalabu hazipatikani kwingine, na zote nne zina uhusiano na watu wa Pittsburgh: aliyeagiza ni okestra yenyewe, au wapigaji wakuu ni wake. Na jambo ninalolithamini zaidi: kazi ya pili ikichaguliwa vizuri, hubadilisha ulivyoisikia ile ya kwanza. Kuna albamu mbili hapa ambazo jambo hilo linatokea waziwazi, moja ambayo linatokea kwa namna yake, na moja ambayo, kwa maoni yangu, halitokei.

Brahms na MacMillan

Hii ndiyo ningempa mtu wa kwanza, na nitakaa nayo zaidi kuliko nyingine.

Johannes Brahms alizaliwa 1833 Hamburg, mji wa bandari. Simfoni ya Nne aliitunga katika majira ya kiangazi ya 1884 na 1885 huko Mürzzuschlag, Austria, na akaiongoza mwenyewe mara ya kwanza mjini Meiningen tarehe 25 Oktoba 1885. Kabla ya hapo aliwapigia marafiki zake kwa piano mbili, yeye na mwenzake. Sehemu ya kwanza ilipokwisha, mhakiki Eduard Hanslick, aliyekuwa upande wa Brahms siku zote, alisema alihisi kama amepigwa na watu wawili wenye akili kupita kiasi. Nalitaja hilo ili anayeisikiliza leo ikamlemea ajue kwamba hata waliompenda mtunzi iliwalemea.

Simfoni haina dibaji. Fidla zinaingia papo hapo, noti mbili mbili: jozi moja inashuka, jozi inayofuata inapanda, na kati ya jozi na jozi kuna pumzi. Mengi ya sehemu hiyo yamejengwa kwa jozi hizo. Sehemu ya pili inafunguliwa na horni peke yake, kwa lahani yenye ladha ya kale ya kanisani. Ya tatu ni shangwe tupu, na humo ndimo utasikia pembetatu ikigongwa. Tromboni zote tatu zimekaa kimya muda wote huo. Wapigaji wake wanangoja karibu nusu saa nzima, kisha sehemu ya nne inaanza nao.

Sehemu hiyo ya nne ndiyo iliyomnasa mjomba wangu. Kwa miaka mingi alipiga fidla kwenye taarabu za harusi Mji wa Kale, na muziki wa Kizungu alikuwa akiuona ni wa watu wasiokuwa na haraka ya kufika popote. Nilimwekea sehemu ya nne pekee. Mwanzoni ala za shaba na vyombo vingine vya kupuliza vinatoa noti nane nzito zinazopanda, moja baada ya nyingine, na ya mwisho inaangukia pale ilipoanzia. Noti hizo Brahms alizitoa kwa Johann Sebastian Bach, kwenye kipande cha mwisho cha kantata yake ya 150, kazi ya waimbaji na ala, akazigeuza kidogo. Kisha anazirudia mara 30, na kila mara anaweka juu yake kitu tofauti: fidla zenye hasira, nyuzi zinazodonolewa kwa vidole, filimbi moja inayolia peke yake katikati ya ukimya, tromboni zinazoimba taratibu mithili ya watu walio ibadani.

Filimbi ilipofika, mjomba aliweka chini kikombe cha kahawa. "Hebu rudisha hapo, mwanangu," akasema. Nikarudisha. Akaanza kuhesabu kwa vidole juu ya meza, moja hadi nane, moja hadi nane, na kila alipofika nane okestra ilikuwa imefika naye. "Kumbe yuko palepale," akasema. "Ameshika mahadhi mamoja tangu mwanzo, ila hayarudii." Sijapata maelezo bora ya muziki huo kwenye kitabu chochote. Mtu aliyezoea kumfuatilia mwimbaji wa taarabu anavyopamba ubeti huku ngoma na udi zikishika palepale ana masikio tayari ya kumfuata Brahms; kinachotakiwa ni aambiwe ashike nini.

Sasa, simfoni hii inaisha kwa huzuni. Simfoni nyingi za karne ile zikianza na giza humalizia na nuru, lakini Brahms anafunga mlango kwa nguvu katika kivuli kilekile. Ukimaliza kuisikiliza umechoka na hujapewa faraja. Hapo ndipo MacMillan anapoingia.

James MacMillan ni Mskoti aliyezaliwa 1959 Kilwinning, Mkatoliki asiyeficha imani yake katika kazi zake. Mwaka 2009 aliitungia kwaya ya The Sixteen kazi ya sauti tupu, bila ala, iitwayo Miserere. Maneno yake ni Zaburi ya 51, ambayo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaijua hivi: "Ee Mungu, unirehemu, sawasawa na fadhili zako." Okestra ya Pittsburgh ilipotaka kuadhimisha msimu wa kumi wa Honeck, MacMillan aliichukua kazi hiyo ya kwaya akaiandika upya kwa okestra, akaiita Larghetto for Orchestra. Ilipigwa mara ya kwanza Pittsburgh Oktoba 2017, na rekodi iliyomo kwenye albamu ni ya wakati huo.

Maneno hayamo tena, lakini pumzi ya waimbaji imebaki. Mstari wa sauti unafika mwisho wa sentensi, unanyamaza, unaanza tena. Mwanakwaya yeyote wa hapa, awe wa Holy Ghost Cathedral au wa kanisa dogo la Likoni, atasikia mahali ambapo angevuta hewa. Na huhitaji kuwa Mkristo. Zaburi hiyo inahusishwa na toba ya Daudi, na Nabii Daudi na Zaburi yake wanajulikana pande zote mbili za mji huu. Muziki unaanza chini kabisa, gizani, na kwa dakika takriban kumi na tano unapanda polepole hadi kwenye mwanga wa utulivu. Ukiusikia mara tu baada ya Brahms kufunga ule mlango wake, unahisi kuna mtu amekuja kuufungua.

Ndiyo maana nasema albamu hii imepangwa na mtu aliyefikiri. Anayesikiliza Brahms akazima kabla ya MacMillan amesoma nusu ya barua.

Bruckner na Bates

Anton Bruckner alikuwa mwalimu wa shule na mpiga kinanda cha kanisa kabla hajawa mtunzi wa simfoni, na amezikwa chini ya kinanda kikubwa cha monasteri ya St. Florian huko Austria, kwa kutaka kwake mwenyewe. Simfoni ya Saba aliiandika kati ya 1881 na 1883. Arthur Nikisch aliiongoza mara ya kwanza Leipzig tarehe 30 Desemba 1884, Bruckner akiwa na umri wa miaka 60, na hapo ndipo dunia ilipoanza kumsikiliza. Albamu ya Pittsburgh ilitoka 2024, mwaka wa kutimiza miaka 200 tangu azaliwe.

Inaanza na mtetemo mwepesi wa fidla, mwepesi mno, na chini yake selo zinaimba lahani ndefu inayopanda na kupanda bila kukatika. Ukilinganisha na zile noti mbili mbili za Brahms, ni watu wawili wasiofanana: mmoja anasema maneno machache na kuyageuza kila upande, mwingine anaanza sentensi moja na hataki kufika kwenye nukta. Na hivyo ndivyo simfoni nzima ilivyo. Inachukua zaidi ya saa moja. Sauti inaongezeka kama maji yanavyojaa Tudor: unatazama mikoko huoni mabadiliko, unageuka kuongea na mtu, ukitazama tena mizizi yote imefunikwa.

Sehemu ya pili ndiyo moyo wake. Bruckner alikuwa akiitunga huku akihofia kifo cha Richard Wagner, mtu aliyemheshimu kuliko watunzi wote waliokuwa hai. Wagner alifariki Venice tarehe 13 Februari 1883, na Bruckner akaimalizia sehemu hiyo kwa maombolezo. Humo anatumia tuba nne za Wagner, ala zilizobuniwa kwa ajili ya opera za Wagner mwenyewe, zenye sauti iliyo kati ya horni na tuba ya kawaida, nzito na yenye joto. Mahali sauti inapofikia kilele, matoazi yanagongwa mara moja, na wataalamu wamebishana zaidi ya miaka mia moja kama Bruckner aliyataka yale matoazi au alishawishiwa na marafiki. Ubishi huo hausaidii masikioni. Ukifika hapo utasimama tu.

Baada ya hapo inakuja Resurrexit. Mason Bates, Mmarekani aliyezaliwa 1977, aliiandika 2018 kwa kuagizwa na okestra, kwa ajili ya miaka 60 ya kuzaliwa ya Honeck. Ni fupi, yapata dakika kumi, na inasimulia ufufuo wa Kristo: giza la kaburi, kisha kuamka. Kuna ala moja humo inayostahili kutajwa. Ni semantroni, ubao mrefu unaogongwa kwa nyundo za mti, ambao watawa wa makanisa ya Orthodoksi huutumia kuwaita watu kwenye sala. Mlio wake ni mkavu, na katikati ya okestra yenye ving'aro vyote vile unakushtua.

Je, zinaongea, Bruckner na Bates? Ndiyo, lakini kwa sauti zisizolingana. Bruckner anaomboleza kwa saa nzima na imani yake haisemi maneno mengi. Bates anakuja na picha za wazi, za kasi, kama mtu wa filamu. Mimi napenda ule ukali wa mabadiliko. Nina rafiki ambaye husema Resurrexit inamwamsha kabla hajamaliza kuomboleza, na siwezi kumkatalia. Kama ukimaliza Bruckner unataka kukaa kimya, zima, na Bates umpe siku yake.

Ukiziweka hizi mbili bega kwa bega, tofauti kubwa ni ya uvumilivu. Brahms anakuomba dakika 40 za umakini, kila sekunde ina kitu, na akili ikitangatanga kidogo umepotea. Bruckner anakuomba saa nzima, lakini ukitoka kwenda kuzima jiko ukarudi, bado yuko njiani. Kwa hiyo anayefuatilia mambo madogomadogo, anayependa kuona kitu kilivyoshonwa, achukue Brahms. Anayetaka kuzamishwa achukue Bruckner, ila asiichukue kama ya kwanza maishani mwake.

Beethoven na Stucky, kwa watu wa pwani

Albamu hii sikuitarajia, na sasa nairudia kuliko ile ya Bruckner.

Simfoni ya Sita ya Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, ni simfoni ya mtu aliyetoka mjini akaenda mashambani. Ina sehemu tano badala ya nne za kawaida. Mwishoni mwa sehemu ya pili, pale kando ya kijito, okestra inanyamaza na ndege watatu wanaimba: filimbi, obo na klarineti, na Beethoven ameandika jina la kila ndege kwenye karatasi ya muziki. Baadaye dhoruba inapiga, kisha inapita, na wachungaji wanashukuru. Ni muziki mwepesi kufuata, na kwa mgeni kabisa ni rahisi kuliko Brahms.

Steven Stucky alifariki 2016. Silent Spring aliiandika kwa kuagizwa na okestra ya Pittsburgh pamoja na taasisi ya Rachel Carson ya Chuo Kikuu cha Chatham, na ikapigwa mara ya kwanza 2012, miaka 50 baada ya kitabu cha Carson chenye jina hilohilo. Carson alizaliwa 1907 Springdale, karibu na Pittsburgh, mbali kabisa na bahari, lakini maisha yake yote aliandika kuhusu bahari, na mwisho akaandika kuhusu sumu za kuulia wadudu, hasa DDT, zilivyokuwa zikiua ndege na samaki. Kazi ya Stucky inapita katika vituo vinne vyenye majina kutoka maandishi ya Carson: bahari inayotuzunguka, misitu iliyopotea, mito ya mauti, na majira ya kuchipua yasiyo na sauti.

Hebu fikiria mpangilio huo. Unasikia ndege wa Beethoven. Yapata nusu saa baadaye unasikia dunia ambayo ndege wake wamenyamaza. Hakuna anayekuhutubia, na ujumbe unafika. Sisi tuna sababu ya kuusikia kwa masikio mawili, maana DDT ndiyo iliyosifiwa duniani kote kwa kuua mbu wa malaria, na malaria ya pwani tunaijua ilivyo. Dawa iliyookoa watoto ikatia sumu mitoni: Carson hakusema jambo hilo ni jepesi, na muziki wa Stucky haulifanyi jepesi. Sehemu ya bahari inaanza chini, na mawimbi yake ni mazito, hayana uzuri wa kadi za watalii. Anayeishi Kizingo au Nyali, aliyeona maji yanavyogeuka rangi usiku wa kusi, atayatambua.

Kwa mwalimu wa shule anayetaka kuwasikilizisha wanafunzi okestra kwa mara ya kwanza, hii ndiyo albamu. Ina hadithi, ina ndege, ina dhoruba, na ina mjadala wa baada ya kusikiliza.

Tchaikovsky na Leshnoff, kwa ufupi

Simfoni ya Nne ya Tchaikovsky, ya 1877 na 1878, ndiyo yenye kishindo kuliko zote nne. Inaanza kwa mwito wa horni na basuni ambao mtunzi mwenyewe aliuita majaliwa, na mwito huo unarudi mwishoni kuvuruga sherehe. Sehemu ya tatu fidla zote zinadonolewa kwa vidole bila uta, na ni raha kubwa kwenye rekodi hii. Honeck na watu wake wanapiga kwa moto.

Konserto ya Leshnoff, aliyezaliwa 1973, ni kazi nzuri na wapigaji wake wakuu, Michael Rusinek kwa klarineti na Nancy Goeres kwa basuni, walikuwa wa okestra hiyohiyo waliponaswa, na wanaelewana. Lakini baada ya Tchaikovsky sioni inaongea naye nini. Ni vitu viwili vizuri vilivyowekwa chumba kimoja. Nunua albamu hii kwa Tchaikovsky, au kwa Leshnoff kama wewe ni mpiga klarineti, ila kwa huo uhusiano wa kazi mbili utatoka mikono mitupu.

Feni, spika na bando

Jambo hili linaamua mengi kuliko watu wanavyodhani. Rekodi hizi zote zina tofauti kubwa kati ya sauti ya chini na ya juu. Honeck anapenda minong'ono, na mafundi hawakuipandisha ili imfae mtu aliye kwenye tuktuk. Katika nyumba ya Mombasa yenye feni inayozunguka na dirisha lililo wazi, mtetemo wa mwanzo wa Bruckner haupo kabisa. Ukipandisha sauti ili uusikie, dakika chache baadaye shaba zinaingia na jirani anagonga ukuta.

Kwa spika ndogo ya bluetooth, chagua Tchaikovsky au Beethoven. Sauti zao hazitegemei ukimya kiasi hicho, na hata nusu ya besi ikipotea bado kuna lahani ya kushika. Brahms anahitaji hedfoni za kufunika masikio, hata za bei ya kati, hasa kwa sababu zile noti nane za sehemu ya nne mara nyingi zimejificha chini, kwenye besi na selo, na spika ndogo inazimeza. Bruckner na MacMillan wanahitaji hedfoni na usiku. Mimi huwasikiliza baada ya isha, feni imezimwa, jasho linatoka, na sijutii.

Kama una sidii pleya bado, albamu hizi zimetoka pia kwa diski za SACD ambazo zinafanya kazi kwenye mashine yoyote ya kawaida ya CD. Faida ya diski ni kijitabu chake. Honeck mwenyewe huandika maelezo marefu ya kila simfoni, anakuonyesha mahali na mahali alipoamua nini na kwa nini, na kusoma maelezo yake ya Brahms huku ukisikiliza ni darasa kamili. Kwenye mtandao, ukitaka ubora wa juu kabisa wa sauti bando litakwenda haraka, kwa hiyo pakua ukiwa kwenye waifai kisha usikilize bila mtandao. Na hakikisha programu yako haikati kati ya wimbo na wimbo, wala haichanganyi mpangilio: sehemu ya tatu ya Brahms ikifuatwa na wimbo wa mtu mwingine ni hasara tupu.

Basi nani achukue ipi

Mwanakwaya, mpiga fidla au udi, na yeyote aliyekulia kwenye taarabu: Brahms na MacMillan, na aanze na sehemu ya nne akihesabu nane zake, kisha Larghetto, halafu arudi mwanzo wa simfoni. Mpangilio huo si wa albamu, lakini kwa mgeni unafaa. Mwalimu, mzazi mwenye watoto wakubwa kidogo, au mtu wa mambo ya bahari na mazingira: Beethoven na Stucky, kwa mpangilio wake ule ule bila kuruka. Aliyekwisha kuonja simfoni mbili tatu na ana usiku mzima mbele yake: Bruckner na Bates. Anayetaka kusisimka leo hii, kabla ya chakula kuiva: Tchaikovsky.

Na kama una dakika kumi na tano tu na hedfoni za kuazima, fungua albamu ya Brahms uende moja kwa moja kwenye wimbo wa tano, ambao ni MacMillan. Brahms utamkuta kesho.